Je, binti yangu apite njia ya Kimia Alizadeh?

“Mwalimu, salamu. Mimi ni mkimbizi kutoka Congo, naishi Kampala. Namlea binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 16, ana mkanda mwekundu wa taekwondo, na kila shindano la vilabu analoingia anarudi na medali. Ameona habari za yule dada wa Iran, Kimia Alizadeh, aliyechezea Iran, kisha timu ya wakimbizi, kisha Bulgaria, na tangu hapo binti hapati usingizi. Kuna kaka mmoja mtaani anasema ana mwaliko wa mashindano Ulaya. Tumpe dola 1,500, binti akifika asirudi, aombe hifadhi kama Kimia, halafu timu ya wakimbizi itamchukua. Kocha naye anataka ashuke kutoka kilo 62 hadi 57 kwa kuwa ndio uzito wa Kimia. Siku hizi anakula mara moja kwa siku, na goti moja linamsumbua. Tena sisi ni Waislamu, anafunika nywele, na tunaambiwa huko hawataki. Nifanye nini?”

Dada, asante kwa kuandika kabla ya kutoa pesa. Swali lako lina mambo mengi, lakini lililo zito nalijibu kwanza: usimpe huyo kaka hata senti, na binti asisafiri kwa mpango wake. Sababu nitazieleza, na sehemu kubwa zimo ndani ya maisha ya Kimia mwenyewe, kwa sababu hadithi mliyosimuliwa imeanzia katikati. Inaanza siku alipoondoka kwao. Kilichomfanya apokelewe huko alikokwenda kilikuwa kimeshatendeka miaka kadhaa kabla.

Kimia alizaliwa Karaj, mji ulio jirani na Tehran, mwaka 1998. Alipokuwa na umri huu wa binti yako alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Vijana huko Nanjing, China, mwaka 2014. Mwaka uliofuata akaingia mashindano ya dunia ya wakubwa Chelyabinsk, Urusi, akapata shaba, na njiani akamtoa Jade Jones wa Uingereza, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa bingwa wa Olimpiki. Mwaka 2016 huko Rio, akiwa na miaka 18, akawa mwanamke wa kwanza wa Iran kupata medali ya Olimpiki katika mchezo wowote ule. Mwaka 2017 Muju, Korea Kusini, akachukua fedha ya dunia kilo 62, akishindwa fainali na Ruth Gbagbi wa Côte d’Ivoire. Januari 2020 ndipo alipotangaza kwamba ameondoka Iran na harudi. Kwa hiyo alipoondoka alikuwa na medali ya Olimpiki na mbili za dunia za wakubwa. Makocha wa Ulaya walikuwa wakimjua kwa jina, kwa mguu anaoupenda, na kwa namna anavyosimama.

Sasa binti yako. Unasema kila shindano anarudi na medali, na naamini ana kipaji, lakini niulizie jambo moja: katika uzito wake waliingia wasichana wangapi? Taekwondo hutoa shaba mbili, kwa wachezaji wawili wanaoshika nafasi ya tatu. Kwenye mashindano madogo ya vilabu mara nyingi uzito mmoja huwa na wasichana watatu au wanne, na hapo ukijiandikisha tu umeshapata medali. Nimesimama pembeni ya mkeka nikaona mtoto anavishwa shaba na hakushinda pambano hata moja. Simkatishi tamaa. Nataka mjue mnapima kwa kipimo gani kabla ya kuweka maisha yake kwenye mizani.

Hapo kwenye medali niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wasipomwelewa Kimia. Wanasema alipigwa Rio na bado akapewa medali, akapigwa Paris na bado akapewa medali, basi ni bahati au siasa. Tazama ratiba inavyofanya kazi. Ukipoteza pambano, unakaa unamtazama aliyekushinda. Akifika fainali, wewe unarudishwa kwenye raundi ya nafasi ya pili, ile wachezaji wanayoiita repeshaji, kwa hoja kwamba huenda mlikutana mapema tu na ulikuwa unastahili kufika mbali. Asipofika fainali, umekwisha, chukua begi lako. Rio, Kimia alitolewa robo fainali na Eva Calvo wa Hispania. Calvo akaenda hadi fainali, Kimia akarudishwa, akamshinda Phannapa Harnsujin wa Thailand, kisha akamshinda Nikita Glasnović wa Sweden 5-1 na kuvaa shaba.

Tokyo, michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, alikuwa chini ya bendera ya Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi. Pambano la kwanza kabisa akapangwa na Nahid Kiani wa Iran, mwenzake wa zamani. Akamshinda 18-9. Akaja Jade Jones, bingwa wa Olimpiki mara mbili mfululizo, akamtoa 16-12. Akaja Zhou Lijun wa China, akamtoa 9-8. Nusu fainali akashindwa na Tatiana Minina wa Urusi, na kwenye pambano la shaba akashindwa 8-6 na Hatice Kübra İlgün wa Uturuki. Pointi mbili tu, na timu ya wakimbizi ingekuwa na medali yake ya kwanza katika historia. Ilibidi isubiri hadi Paris 2024, ilipoletwa na bondia Cindy Ngamba. Kwa hiyo Olimpiki ambayo Kimia alipigana vizuri kuliko zote, mimi nikiulizwa, ndiyo aliyotoka mikono mitupu.

Paris akiwa Bulgaria, ratiba ikamkutanisha na Kiani tena, mapema. Safari hii Kiani ndiye aliyeshinda. Kisha Kiani akaendelea kushinda hadi fainali, na kwa kufanya hivyo akamfungulia Kimia mlango wa kurudi. Kimia akautumia: alimshinda Luo Zongshi wa China akachukua shaba. Kiani alishindwa fainali na Kim Yu-jin wa Korea Kusini, akapata fedha, medali ya juu kuliko zote ambazo mwanamke wa Iran amewahi kupata Olimpiki. Kwenye jukwaa moja la washindi walisimama aliyebaki na aliyeondoka.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu kuna wazo limejificha ndani ya mpango wa huyo kaka: kwamba kuondoka ndiko kunakoleta mafanikio. Mwaka mmoja kabla ya Paris, Kiani alikuwa bingwa wa dunia huko Baku. Mwenzake Mobina Nematzadeh alipata shaba Paris kilo 49. Wote wawili wa Iran, wote wawili walibaki. Kimia naye aliondoka kwa sababu zake, na alizisema wazi: kwamba viongozi walimtumia, walitumia medali zake kujisifu, walimwamuru avae nini na aseme nini. Hizo ni sababu za mtu aliyechoka kuishi hivyo. Hakuondoka ili apate timu. Timu alikuwa nayo.

Tuje kwenye bendera. Unaandika “kisha timu ya wakimbizi, kisha Bulgaria”, kana kwamba kubadili nchi ni kubadili jezi. Kanuni za Olimpiki zinataka mchezaji awe raia wa nchi anayoiwakilisha, na akishaiwakilisha nchi moja kisha akahamia nyingine, anatakiwa kusubiri miaka mitatu, isipokuwa vyama vinavyohusika vikubaliane kumpunguzia. Kimia aliondoka 2020, akaishi Ujerumani, uraia wa Bulgaria akaupata Aprili 2024. Ni miaka minne bila nchi ya kuchezea. Mwezi uliofuata akawa bingwa wa Ulaya huko Belgrade, na Agosti akaenda Paris. Kabla yake kulikuwa na Raheleh Asemani, naye wa Iran, aliyepata fedha ya Michezo ya Asia Guangzhou 2010. Alifika Ubelgiji, akafanya kazi ya kusambaza barua kwa posta huku akifanya mazoezi, na uraia wake ulitoka 2016, miezi michache kabla ya Rio. Alipigania shaba akashindwa. Hao ndio waliofanikiwa, dada, na hata wao walisubiri hivyo.

Timu ya wakimbizi nayo ina utaratibu wake. Ilianza Rio 2016 ikiwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi kambi ya Kakuma, Kenya, waliochujwa kwenye majaribio na kufanyishwa mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe, mkimbiaji mashuhuri wa Kenya. Wawili walikuwa Wakongo wenzako, wacheza judo Popole Misenga na Yolande Mabika. Nawataja kwa makusudi, maana huyo kaka akiwa mjanja atawataja yeye. Ni kweli, walikwenda Brazil kwa mashindano ya dunia ya judo mwaka 2013, wakabaki, wakaomba hifadhi, na miaka mitatu baadaye wakawa Olimpiki. Lakini walikuwa watu wazima, tayari walikuwa timu ya taifa, na walisema walikimbia mateso ya makocha wao wenyewe. Mwanzo wa maisha yao Rio ulikuwa wa dhiki: mitaa ya maskini, vibarua, lugha hawaijui. Siwezi kukuambia njia ile haijawahi kumfikisha mtu. Nakuambia ilipitwa na watu waliokuwa hawana ulinzi wowote, na binti yako anao. Ameshatambuliwa Uganda kuwa mkimbizi.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani. Ili mtu aingie timu ya wakimbizi, hadhi yake ya ukimbizi huthibitishwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na hadhi hiyo anaweza kuwa nayo akiwa Kampala kama anavyoweza kuwa nayo Berlin. Hahitaji kukimbia mara ya pili. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina ufadhili wa wanamichezo wakimbizi, na maombi hupitia kamati ya Olimpiki ya nchi anayoishi mkimbizi, kwenu ikiwa ni ya Uganda. Wanaoteuliwa kwenda kwenye Michezo huchaguliwa kwanza kwa kiwango chao. Nafasi hiyo haiuzwi. Mtu anayekuambia anaweza kumwingiza binti kwa dola 1,500 anauza kitu ambacho si chake.

Na huo mwaliko, uombe uone karatasi. Mashindano yenye pointi za dunia hupokea wachezaji kupitia chama cha taifa na mfumo wa usajili wa World Taekwondo, chama cha dunia cha mchezo huu, na mchezaji huwa na leseni. Nenda kwenye chama cha taekwondo cha Uganda ukaulize kama wanaujua. Binti ana miaka 16, ni mtoto kisheria, na mtu mzima asiye ndugu anayetaka kumvusha mipaka kwa pesa, akiwa na maelekezo ya “asirudi”, anafanya kitu ambacho polisi wana jina lake. Sijui nia ya huyu kaka na simhukumu, ila wasichana wengi waliosafirishwa kwa mtindo huo hawakufikishwa kwenye mashindano yoyote. Kabla ya safari yoyote, hata ya halali, muone mwanasheria wa wakimbizi na ofisi iliyowaandikisha, muulize kuhusu hati ya kusafiria ya mkimbizi na kama safari inaweza kugusa hadhi yake. Jambo hili nendeni wenyewe ofisini. Msiliamue kwa simu, na msiliamue kwa jibu langu.

Kuhusu kufunika nywele, ondoeni wasiwasi. Kanuni za World Taekwondo zinaruhusu hijabu ndani ya kofia ya kinga, na Kimia mwenyewe alishinda shaba ya Rio akiwa ameivaa. Tokyo alicheza bila hiyo, kwa kuchagua kwake. Wasichana wa Iran, Misri na kwingineko wanacheza nayo kila mwaka. Kitambaa kiwe laini, kisiwe na pini, kikae vizuri kisiteleze machoni. Basi.

Nimefika kwenye linalonitia hofu kuliko huyo kaka: kula mara moja kwa siku. Kocha amesikia “kilo 57” akadhani ndiyo siri ya Kimia. Olimpiki ina uzito wa aina nne tu kwa wanawake: 49, 57, 67 na zaidi ya 67. Mashindano ya dunia na ya mabara yana aina nane, na 62 imo. Ndiyo maana unamwona Kimia fedha ya dunia kilo 62, ubingwa wa Ulaya kilo 62, halafu Olimpiki kilo 57. Huo ni mwili wa mtu mzima, mwenye wataalamu wa lishe na madaktari, akishuka kwa muda kwa ajili ya shindano moja. Nanjing, alipokuwa na miaka 16, alicheza kilo 63! 

Msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo mwili wake huanza kubana matumizi. Hedhi huvurugika au hukatika, mifupa hudhoofika, usingizi huharibika, majeraha hayaponi. Muulize kwa faragha, kama mama: hedhi inakuja kama kawaida? Anaona kizunguzungu? Kama hedhi imekosekana miezi mitatu, mpeleke kwa daktari bila kusubiri shindano liishe. Kwa sasa arudi kula milo mitatu, apigane kilo 62 au anazokuwa nazo, na kocha aambiwe hivyo kwa heshima lakini bila kuomba ruhusa.

Isitoshe, mchezo wenyewe haumtaki apungue hivyo. Siku hizi pointi za mateke huhesabiwa na vihisio vilivyo kwenye kizibao, kofia na soksi. Ngumi ni pointi 1, teke la mwili 2, la kichwa 3, na ukizunguka mwili kabla ya kupiga unaongezewa 2. Kizibao kinataka teke liwe na nguvu ya kutosha ndipo kiandike, na teke la msichana mwenye njaa linagusa tu, ubao unabaki kimya, naye anafikiri mashine imeharibika. Mtazame Kimia kwa makini kwenye pambano lake na Jones: mguu wa mbele umeinuliwa, goti liko juu, unamzuia mpinzani asiingie, na kutoka palepale, bila kuushusha chini, unapanda hadi kichwani. Kusimama kwa mguu mmoja namna ile kwa muda mrefu kunataka nyonga na paja zenye nguvu. Hicho ndicho cha kumwiga.

Mazoezi hayo pia ndiyo kinga ya goti. Mwambie akuonyeshe mahali panapouma. Kama maumivu yako mbele, chini ya kifuniko cha goti, na yanakuja baada ya mazoezi tu, mara nyingi ni uchovu wa umri wa kukua. Apunguze kuruka, aimarishe mapaja, aangaliwe na mtaalamu wa viungo. Lakini kama siku ya kuumia alisikia kitu kama kupasuka, goti likavimba saa chache baadaye, au sasa linamponyoka akigeuka, huenda ni kano ya ndani ya goti. Hapo aache kabisa mapambano na apelekwe hospitali yenye daktari wa mifupa. Asichuliwe mtaani. Kano iliyokatika haionekani kwa macho, na msichana anaweza kutembea vizuri sokoni, kisha akageuka mara moja mkekani akaharibu na kilichobaki.

Mwisho, tazama cheti cha klabu yake. Kuna taekwondo mbili duniani zenye vyama tofauti, na watoto wengi hawajui wako kwenye ipi. Inayokwenda Olimpiki ni ya World Taekwondo, na akifika mkanda mweusi atahitaji cheti cha Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo huko Korea Kusini. Kama karatasi zake zimeandikwa ITF, yaani kile chama kingine, ni mchezo mzuri, lakini hautamfikisha huko, na itabidi ahamie klabu nyingine mapema, angali kijana. Zile dola 1,500, kama kweli mnazo, zinatosha ada ya klabu kwa muda mrefu, kizibao chake mwenyewe, na nauli ya kwenda mashindano ya wazi Nairobi au Kigali, akutane na wasichana asiowajua katika ratiba iliyojaa. Na mkifika Rwanda, ulizieni kambi ya Mahama. Parfait Hakizimana, mkimbizi wa Burundi aliyeumia vibaya mkono utotoni, alikuwa akifundisha taekwondo humo, na kutoka kambini humo alikwenda Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo.